Unakwenda kwa Nani?

Jumapili iliyopita tuliitana kwa dada yangu, Ngamiani hapa Tanga, kwenye kikao cha familia. Vikao vyetu huwa vya posa, mirathi au mgonjwa. Hiki kilikuwa cha begi. Mpwa wangu, mfamasia, binti aliyekwisha kupita thelathini, mkataba wake wa kazi umekwisha, na badala ya kutafuta mwingine amenunua begi kubwa la mgongoni na kutangaza kwamba anakwenda kutembea. Ataanzia Nairobi, apande ndege hadi India, apite Nepal, Thailand, Laos na Vietnam, kisha arudi kwa kutua Addis Ababa na kushuka kwa mabasi: Moyale, Nairobi, Mombasa, Horohoro, nyumbani. Karibu mwaka mzima. Peke yake.

Shangazi yake ndiye aliyefungua kesi.

"Unakwenda kwa nani huko?"

"Si kwa mtu, shangazi. Nakwenda kutembea tu."

"Kutembea tu." Akatugeukia sisi wengine kama hakimu aliyemsikia mshtakiwa akikiri kwa kinywa chake. "Mmesikia wenyewe."

Mzee mmoja pembeni akadakia kwamba mtembezi hula miguu yake. Angeweza pia kusema tembea uone, maana zote mbili tumerithi kwa babu wale wale, lakini siku hiyo ilimfaa hiyo ya miguu.

Mimi nilikuwa nimekaa kimya namkumbuka kijana wa Kijerumani aliyefikia nyumba hiyo hiyo mwaka juzi. Miaka ishirini na ushei, kazi hana, suruali ina viraka, begini kaning'iniza sufuria ndogo na jozi ya kandambili. Alikuwa ametokea Nepal, akatua Addis Ababa, akashuka kwa mabasi mpaka Tanga. Yaani njia ile ile ya kurudia anayoitaka mpwa wangu. Shangazi huyu huyu alimpikia mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, akamfulia na fulana zake, na kwa wiki nzima baada ya mgeni kuondoka alikuwa akiwasimulia majirani habari za kijana jasiri anayezunguka dunia peke yake. Hakuna aliyemuuliza mgeni yule anakwenda kwa nani. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa nauli hizo angekwisha kunyanyua msingi wa nyumba.

Basi tangu Jumapili jambo hili halijanitoka, na naona bora nilitoe hapa.

Sisi hatukatazi safari. Tunaichangia, tunaisindikiza mpaka stendi, tunaisomea dua. Ila lazima iwe na kibali chake: masomo, biashara, hija, matibabu, harusi, msiba, au mume aliyetangulia Muscat. Anayeondoka bila mojawapo ya hayo tunamwona ama amechanganyikiwa, ama anaficha jambo. Akiwa mwanamke, tunajua na jambo lenyewe ni lipi.

Chukua Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco tunayemtaja kila tunapotaka kujisifia kwamba mwambao wetu ulijulikana. Huyu alitoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, kibali chake hija. Kibali safi, hakuna shangazi wa kukipinga. Hija yake ya kwanza aliimaliza mwaka uliofuata. Nyumbani Morocco alirudi mwaka 1349. Hiyo miaka zaidi ya ishirini iliyobaki alikuwa kwa nani? Ni kweli alipata ukadhi Delhi na Maldivi, na alioa wake wengi njiani, lakini kazi na ndoa zilimkuta barabarani, hazikumtoa kwao. Alipofika Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu, na kwa usiku huo mmoja akatuachia misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na mlangoni kisima kifupi ambapo watu huteka maji kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba, wakanawa miguu ndipo waingie. Mtu aliyekuja kuuza na kuondoka hana nafasi ya kuutazama mpini wa kata.

Hata kwa lugha yetu tunaye mtu. Selim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 na akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili; Carl Velten akaichapisha Ujerumani mwaka 1901. Lakini alikwenda akimtumikia bwana wake Mjerumani, kwa hiyo kikao chetu kingempitisha bila shida. Ambaye kisingempitisha ni Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Yeye akiwa kijana alikuta kitabu cha habari za Greenland dukani Lomé, akakisoma, akaamua atafika huko. Alikwenda akifanya kazi hapa na pale, nchi moja hadi nyingine, miaka ikapita, mpaka mwaka 1965 akashuka kwenye barafu. Nimejaribu kumwazia mbele ya shangazi: unakwenda kwa nani, mwanangu? Kwa watu niliowasoma kitabuni.

Najua yupo msomaji aliyekwisha kukunja gazeti, kidole kiko juu. Mwandishi, ataniambia, acha hadithi. Pesa hizo angejenga. Sawa. Lakini binti huyu pesa zake kazitafuta mwenyewe miaka yote akisimama nyuma ya dirisha la dawa, na sikumbuki kikao kilichoitishwa binamu yake alipomaliza akiba yake yote kwa sherehe ya siku moja, ukumbi, matarumbeta na kamera inayoruka. Tulichangia. Mimi mwenyewe nilikuwa mweka hazina.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza: usalama. Sote tumezisikia habari za vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mitandaoni. Tunazijua pia habari za mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni na kunyang'anywa pasi siku ya kwanza. Shangazi alizitaja zote, na alitetemeka alipozitaja.

Lakini hebu tuzitazame vizuri. Wale vijana walikuwa na jibu la swali lake. Walikuwa na mwenyeji wa kuwapokea, kazi iliyowangoja, pengine na tiketi iliyolipwa na mtu. Vikao vya familia viliwapitisha kwa shangwe kwa sababu walikwenda kwa mtu. Mtu huyo ndiye aliyewauza. Mpwa wangu pasi anaishika mwenyewe, tiketi kanunua mwenyewe, na siku akichukizwa na mji anafunga begi na kupanda basi la asubuhi. Simwambii mtu kwamba njiani hakuna hatari. Mwanamke peke yake husumbuliwa Tanga, sembuse kwenye treni ya usiku ya India. Nasema tu kwamba swali tunalomuuliza halimkingi na hatari hiyo.

Na yeye, kusema kweli, amejiandaa kuliko tunavyodhani. Kikao kilipopoa alinionyesha alivyopanga vitu vyake: kufuli dogo la kabati la hosteli, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala za pasi, filimbi, na kanga mbili, zile nzito za pamba. Kanga moja, akanieleza, ni pazia: katika vyumba vya kulala watu wanane anachagua kitanda cha chini cha deka, anaichomeka upande mmoja chini ya godoro la juu, na hapo amepata chumba chake. Ya pili ni shuka la treni, taulo, na ushungi wa kuingilia mahali pa ibada. Kila jioni atamwandikia mama yake yuko wapi na kesho anaelekea wapi.

Ilinijia pale nimsaidie kwa ujanja. Huko Gujarat, India, karibu na msitu wa Gir wenye simba, kuna kijiji kiitwacho Jambur, na wakazi wake wengi ni Wasidi, wajukuu wa watu waliovushwa bahari kutoka Afrika karne nyingi nyuma, wengine kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari. Ngoma yao wanaiita goma mpaka leo. Ningesema hilo tu, shangazi angelegea: kumbe kuna ndugu! Nikalimeza. Mpwa wangu amepanga kupita Jambur, lakini amepanga pia kupita Laos, ambako hatuna ndugu wala ngoma, na sitaki ruhusa ya Laos itegemee Jambur.

Wasafiri hawa wa mabegi ya mgongoni nao sijasema ni malaika. Wapo wanaobishana na mama ntilie juu ya shilingi mia tano huku simu waliyoshika ingemlipia kodi ya mwaka. Bangkok na Kuala Lumpur wameonekana vijana wa Kizungu wamekaa kando ya barabara na kibao, wakiomba wapita njia wawachangie safari. Mpwa wangu akinifanyia hivyo nitaitisha kikao mimi mwenyewe.

Ila kuna jambo lililoniuma kuliko yote. Yule Mjerumani aliingia nchini kwetu kwa viza ya dola 50. Binti yetu akitaka kwenda kwao atalipa euro 90 zisizorudishwa hata akinyimwa, aonyeshe bima ya euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na aeleze atafikia kwa nani. Shangazi na afisa wa viza hawajawahi kuonana, na wanauliza swali moja. Afisa ninamwelewa: analipwa kumshuku binti yule, na pasi yake imekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Huko Asia nako atawekwa kando ya foleni, aulizwe tiketi ya kurudi, ahesabishwe dola zake. Hayo atayakuta tu. Kinachonishinda kuelewa ni kwa nini tumwanzishie sisi hapa Ngamiani.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumapili ijayo, kwa kuwa baba mkubwa wa Korogwe hakufika. Nitakwenda, na zamu yangu ikifika nitasema aende. Anayetaka kunipinga aje na hoja mpya. Hiyo ya kujenga nimekwisha kuijibu.