Mbwa Aliyekuja Akiwa Mkubwa: Kosa Ni la Nani?



Swali tunaloleta mbele yenu safari hii linaweza kuonekana dogo, na wengine watacheka. Watasema: pamoja na mizigo yote tunayobeba, tukae kuzungumza mambo ya mbwa? Lakini kwa kweli swali hili limekwisha kuingia katika parsele nyingi za Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi, na mara nyingi linajibiwa kwa fimbo kabla halijafikiriwa. Nalo ni hili: mtu akikaribisha nyumbani mwake mbwa aliyekwisha kuwa mkubwa, na mbwa huyo akachafua saloni, nani amekosa? Tena, je, kumpiga ni kumfundisha?

Tunajua namna mbwa hawa wanavyotufikia. Jirani anahamia Kinshasa, hana njia ya kumpandisha ndege, anamwacha. Mwenye depo anafunga biashara, na mlinzi wake anabaki bila mwenyewe. Mlima Nyiragongo ulipolipuka mwezi wa Januari 2002, na tena mwezi wa Mei 2021, watu wa Goma walikimbia kwa maelfu; na kila watu wanapokimbia, mbwa wako kati ya wanaoachwa njiani. Basi mtu mwenye huruma, au mtu anayeogopa wezi, anamchukua. Mbwa ana miaka mitatu, minne. Maisha yake yote alilala nje chini ya mti na kujisaidia pahali popote. Sasa anaambiwa alale ndani, karibu na mlango.

Asubuhi papa wa nyumba anakanyaga mkojo. Anamkamata mbwa shingoni, anamsukuma pua katika uchafu, anamchapa. Watoto wamesimama pembeni, wanaangalia. Tuchunguze jambo hili kwa utaratibu.

KWANZA: SHERIA ISIYOFUNDISHWA

Mbwa hajui tofauti ya saloni na uwanja kama sisi tunavyoijua. Yeye hujifunza pahali pa kujisaidia kwa nyayo zake na kwa pua yake. Aliyezoea majani hutafuta majani. Aliyefungwa miaka yote juu ya sementi huamini kwamba sementi ndiyo pahali penyewe, na sementi ya saloni yako kwake ni sawa na ile. Tena pakiisha kuwa na harufu ya mkojo, pua yake inamwambia: ni hapa. Kwa hiyo usiku ule hakuvunja sheria. Alishika sheria ya kule alikotoka.

Mtu akitozwa faini barabarani kwa sheria iliyowekwa jana usiku bila kutangazwa, sisi sote tunapaza sauti kwamba ni uonevu. Basi uonevu hauwi haki kwa sababu tu anayeonewa ana miguu minne. Nani alimwonyesha mlango? Nani alitoka naye kabla ya kulala? Kama hakuna, kosa la usiku wa kwanza ni la mwenye kujua, wala si la asiyejua.

Sisi Wakongomani tungepaswa kufahamu neno hili upesi kuliko wengine. Wageni waliotutawala walituita washenzi, kwa sababu hatukushika adabu ambazo hakuna aliyetufundisha, na nyingine hazikutuhusu. Hata mbwa wetu wa msituni, yule asiyebweka, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, alipopelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 alipewa jina la Basenji, jina linalotoka katika neno lilelile. Na mbwa huyo anayeitwa mshenzi anasifiwa leo katika nchi nyingi kwa usafi wake: hujilamba mwili kama paka. Ni hatari kumpa mgeni jina la aibu kabla hujamfundisha desturi ya nyumba.

PILI: USO WA MWENYE KOSA

Wengi watajibu: «Lakini anajua kabisa! Mtazame: ameinamisha kichwa, masikio yamelala, mkia uko katikati ya miguu. Dhamiri inamshitaki.»

Jambo hili limepimwa. Mwaka wa 2009, mwalimu mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, alitangaza kazi aliyofanya na mbwa 14 nyumbani kwa wenyewe. Mwenye mbwa aliweka chakula kitamu, akamkataza mbwa asikiguse, akatoka chumbani. Kisha mbwa mara alipewa chakula kile, mara kiliondolewa asikile. Mwenyewe aliporudi aliambiwa kwamba mbwa amekosa au ametii, na mara nyingine aliambiwa uongo. Aliyeambiwa kwamba mbwa amekosa, alimkaripia. Ikaonekana nini? Uso ule wa aibu haukufuata kosa. Ulifuata makaripio. Tena mbwa waliouonyesha zaidi walikuwa wale waliotii, kisha wakakaripiwa bure.

Ndugu wapendwa, tulitafakari neno hili. Anayeinamisha kichwa mbele ya hasira yetu hajaungama. Ameogopa tu. Ameiona mikono yetu, amesikia sauti yetu, anaomba amani kwa mwili wake kwa sababu hana maneno.

Hatusemi kwamba mtoto ni mbwa, Mungu apishe mbali. Tunasema kwamba jicho linalomhukumu mbwa ni lilelile linalomhukumu mtoto. Ni watoto wangapi katika miji yetu wameitwa wachawi, wakakaripiwa, wakanyimwa chakula, wakapigwa, na walipoinamisha kichwa na kulia watu wakasema: «Mnaona? Amekubali!» Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na inasema tendo hilo huadhibiwa na sheria. Lakini mazoea ya kuihesabu hofu kuwa ushahidi hayaanzi siku ile mtoto anaposhitakiwa. Yanaanza katika mambo madogo, nyumbani, watoto wakiwa wanaangalia.

TATU: FIMBO INAFUNDISHA NINI?

Hatusemi kwamba fimbo haifundishi kitu. Inafundisha, lakini si lile tulilotaka.

Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake kama yanafuatana upesi, katika sekunde chache. Akipigwa asubuhi kwa mkojo wa saa nane za usiku, hawezi kurudi nyuma kwa mawazo mpaka saa nane. Anaunganisha maumivu na kile kilicho mbele yake sasa: wewe, mkono wako, sauti ya viatu vyako.

Basi anajifunza kwamba si vema kujisaidia mbele ya mtu. Atajificha nyuma ya viti au chini ya kitanda. Na utakapotoka naye uwanjani ungojee ajisaidie, atakataa, maana wewe umesimama pale. Halafu mtarudi ndani, atatafuta pembe yenye giza, nawe utasema: «Ni mkaidi!» Kumbe ni mwanafunzi mzuri, ameshika vizuri somo ulilompa.

Kuna mbwa wengine ambao mtu akiwainamia tu kwa sauti kali, mkojo unawatoka wenyewe. Huo si ukaidi, ni unyenyekevu wa hofu. Ukimpiga kwa sababu hiyo, kesho utamtoka mwingi zaidi.

Mwisho, mbwa aliyezoeshwa kuogopa mkono anaweza siku moja kuuma mkono, na mara nyingi ni mkono mdogo wa mtoto. Katika nchi yetu, kuumwa na mbwa si jambo la kuchekesha. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukiisha kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa mgeni apelekwe kuchanjwa mapema. Na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku ileile bila kungoja.

NNE: KAZI YA UVUMILIVU

Wengine wanafikiri kwamba uvumilivu ni kunyamaza na kuacha uchafu uzidi. Sivyo. Uvumilivu ni kazi, tena kazi yenye saa zake. Mzigo wake anaubeba yule mwenye kujua sheria, maana ndiye mwenye kuweza.

Mpe mbwa chakula kwa saa zilezile kila siku, kwa kuwa tumbo linalokula kwa saa hutoa kwa saa. Siku za kwanza umtoe nje asubuhi anapoamka, baada ya kula, baada ya kulala mchana, na usiku kabla ya kufunga mlango. Na katikati, kila baada ya saa mbili hivi. Mpeleke pahali palepale, ili pua yake imkumbushe. Usimsukume nje peke yake na kufunga mlango, hasa mvua inaponyesha, maana atasimama chini ya dari akingoja kufunguliwa. Simama naye. Akiisha kujisaidia, msifu palepale kwa sauti nzuri, na umpe kitu kidogo: ukoko wa ugali, au kichwa kimoja cha sambaza. Usingoje mpaka mrudi ndani, maana hapo atafikiri umemsifu kwa kurudi ndani.

Akiwa ndani, asizunguke vyumba vyote. Akae pale ulipo, unapoweza kumwona. Ukimwona anazunguka na kunusa chini, mtoe upesi. Ukimkuta katika tendo lenyewe, mwite bila ukali, utoke naye, na akimalizia nje umsifu. Ukikuta uchafu mwenyewe hayupo, usiseme naye neno lolote. Osha kwa maji na sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji. Dawa zenye amonia usizitumie, kwa sababu mkojo nao una harufu hiyo, na pua yake itamrudisha palepale. Ukiisha kuosha, ujiulize wewe: saa ngapi nilisahau kumtoa?

Tena tupambanue. Dume asiyehasiwa akiinua mguu na kutia matone machache mlangoni au kwenye kiti, anaweka alama yake, na hilo ni jambo jingine. Mbwa aliyekuwa safi kisha akaanza kukojoa mara kwa mara, au mkojo wenye damu, au kuharisha, ni mgonjwa. Aonwe na daktari wa mifugo. Kumpiga mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake, hakuna anayeweza kuliita mafundisho.

TANO: «SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI»

Wazee wetu watatuletea mithali hii, kwamba aliyekwisha kukauka hakunjiki. Tunaiheshimu, nayo ni kweli kwa samaki. Lakini kwa jambo hili mbwa mkubwa ana nguvu ambayo mdogo hana. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili hivi, hata akitaka. Mbwa mkubwa mwenye afya anaweza kuzuia usiku kucha, saa sita hata nane. Mwili wake uko tayari. Kinachopungua ni kufahamishwa, na hilo linaweza kuchukua majuma kadhaa. Kwa aliyepigwa sana kule alikotoka litachukua muda mrefu zaidi, kwa maana huyo ana masomo mawili: kusahau la kwanza na kushika la pili.

Wengine watauliza: «Watoto wa jirani wana njaa, nanyi mnatuambia kumpa mbwa vitu vitamu?» Swali ni la haki. Mtoto wa jirani ale kwanza. Lakini yale tunayomwomba mwenye mbwa hayamnyimi mtoto kitu: kuamka mapema, kufungua mlango, kusimama kidogo katika baridi, kusema kwa sauti nzuri. Na yule asiyeweza hayo, afadhali asimchukue mbwa, kuliko kumchukua na kumpiga.

LINALOTUHUSU SISI

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mwenye kujua sheria ndiye mwenye deni. Mpaka amelipa deni hilo la kuonyesha, kurudia, na kurudia tena, hana haki ya kudai utii. Na akiisha kulilipa vizuri, mara nyingi ataona kwamba fimbo haina kazi tena.

Katika nyumba zetu wanaingia wageni wengi waliofika wakiwa wakubwa. Bibi arusi anayepika kwa desturi ya mama yake. Yatima wa ndugu yetu aliyekulia kijijini, ambaye hajawahi kuona bomba la maji. Jamaa waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, wanaolala saloni kwetu na hawajui saa za nyumba. Hao ni watu, wana kinywa na heshima, tena wanastahili mengi kuliko mbwa. Lakini mara ngapi tunawahukumu siku ya tatu kwa sheria ambayo hatujaitamka hata mara moja!

Tunaomba kila baba na kila mama, kabla ya kuuliza «Kwa nini umefanya hivi?», waulize kwanza: «Nani alikuonyesha?» Na kama jibu ni «hakuna», basi wafungue mlango na watoke naye.

Amani ikae nyumbani mwenu.