Je, Mwenye Haki Aweza Kujitwalia Chake?

Mtu aliyenyang'anywa shamba lake, je, anayo ruhusa ya kulirudisha kwa mabavu? Wengi watajibu upesi kwamba chake ni chake. Waingereza wa karne ya 12 walijibu vinginevyo, na jibu lao lastahili kupimwa, kwani sheria za Uingereza ndizo zilizoletwa Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920.

Mfalme Henry wa Pili alipotawazwa mwaka 1154, nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Makabaila walikuwa wamepokonyana ardhi, na kila mmoja alidai kwamba ni yake kwa urithi. Kesi ya kutafuta mwenyewe hasa iliweza kuchukua miaka, na pengine ikaishia katika pigano la watu wawili, ambapo mshindi alihesabiwa kuwa ndiye mkweli! Ndipo, yapata mwaka 1166, mfalme alipoanzisha njia nyingine. Aliyefukuzwa alipata hati ya mfalme, na watu huru kumi na wawili wa ujirani wakaitwa kuitazama ardhi kwa macho yao. Kisha waliulizwa mbele ya mahakimu: je, huyu alifukuzwa pasipo haki na pasipo hukumu? Wakikubali, alirudishwa. Mfukuzaji aliyejiona ana haki kubwa zaidi ilimpasa naye aende kushtaki.

Yaonekana ajabu kwamba sheria imrudishe shambani mtu ambaye huenda si mwenyewe. Lakini mimi naona hapo ndipo penye busara. Kila mnyang'anyi hudai kuwa ana haki, na jirani aonaye watu wenye silaha wakiingia usiku hawezi kujua yupi asema kweli. Aliye na haki hapotezi kitu kikubwa kwa kungoja hukumu. Mnyonge asiyengojewa hupoteza chakula cha mwaka.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Hati ile ilikuwa ya watu huru tu. Mkulima aliyefungwa na ardhi ya kabaila, na wa namna hiyo walikuwa wengi mno, alipofukuzwa na bwana wake hakuwa na pa kushtaki ila katika baraza la bwana huyo huyo. Magna Carta ya mwaka 1215 nayo ilipokataza watu kupokonywa ardhi pasipo hukumu halali, ilimtaja mtu huru. Wale waliolima sehemu kubwa ya ardhi hiyo hawakuwamo katika neno hilo.