Dai Sababu, Hata kwa Mwalimu wa Kwenye Simu

Wajukuu zangu wa Ikola, jioni nawaona mmeizunguka simu moja, mwalimu asiyeonekana uso anachora pembetatu, nanyi mmetulia. Nafurahi. Enzi zetu, aliyetaka kujua zaidi ya kilichoandikwa ubaoni alisubiri kitabu kije kwa meli au kwa gari la kutoka Mpanda, na mara nyingi hakikuja. Ninyi mna walimu wa dunia nzima kwa bei ya bando. Lakini nina neno nanyi, kwa sababu naona mnayatazama masomo hayo kama mnavyotazama mpira: mwingine anacheza, ninyi mnashangilia, kisha mnakwenda kulala.

Masomo haya ya video yameanza juzi tu. Salman Khan, Mmarekani, alianza mwaka 2004 kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake YouTube; leo yanasomwa na mamilioni. Hapa kwetu Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2014, na watoto wengi wakasikia kwa mara ya kwanza hisabati ikisemwa kwa Kiswahili kitamu, kwa nyimbo na katuni. Ni kazi njema yote hiyo. Ila jiometri ina sharti lake. Mwalimu anaweza kukuonyesha uthibitisho, lakini hawezi kukuthibitishia wewe. Kazi hiyo lazima uifanye mwenyewe.

Nieleze maana ya kuthibitisha. Mmefundishwa kwamba pembe tatu za ndani za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180. Mtu akikuuliza umejuaje, utatoa kipimapembe kwenye mkebe na kupima. Utapata 179, au 181, kwa kuwa penseli ni nene na mkono unatetemeka. Hata ukipata 180 kamili, umepima pembetatu moja tu, na zilizobaki hazina idadi. Sasa weka kipimapembe chini. Chora mstari upite kwenye kipeo cha juu, sambamba na kitako. Pembe ya kushoto chini imehamia juu upande wa kushoto, ya kulia imehamia juu upande wa kulia, na ile ya kipeo iko katikati yao. Zote tatu zimejaza mstari mnyoofu. Hujapima kitu, lakini umezimaliza pembetatu zote, zilizochorwa na zitakazochorwa.

Sasa twendeni ufukoni. Mtumbwi umetia nanga mbali kidogo, na hakuna wa kuogelea na kamba kuupima. Inasimuliwa kwamba Thales wa Mileto, aliyeishi takribani miaka 600 kabla ya Kristo, alijua kupata umbali wa chombo kilichoko majini huku yeye yuko nchi kavu. Mjukuu wangu, fanya hivi. Simama ufukoni, mtumbwi ukiwa mbele yako. Hapo ni A. Tembea kando ya maji kwa mstari mnyoofu unaofanya pembe mraba na mstari wa kuelekea mtumbwini, hatua 40, uchome kijiti. Hapo ni C. Endelea na mstari uleule hatua 40 nyingine hadi D. Sasa yape maji mgongo, uende bara kwa pembe mraba, ukigeuka kutazama nyuma kila baada ya hatua chache, mpaka uone kijiti na mtumbwi viko kwenye mstari mmoja. Simama, hapo ni E. Umbali kutoka D hadi E ndio umbali kutoka A hadi mtumbwini.

Pembe mraba utaipata kwa kamba, kama mafundi wetu wanavyofanya wakiweka msingi wa nyumba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili mita 5. Fundi anajua kwamba inafanya kazi. Nataka ninyi mjue pia kwa nini.

Na umbali ule, kwa nini uwe sawa? Pembe mbili zilizoko kwenye kijiti zinatazamana, basi ni sawa. Pembe ya A na ya D zote ni mraba. Kutoka A hadi C ni sawa na kutoka C hadi D, umezihesabu hatua mwenyewe. Pembetatu mbili zenye pembe mbili sawa, na upande ulio kati ya pembe hizo sawa, hazitofautiani kwa lolote; ndiyo kauli ya 26 katika kitabu cha kwanza cha Euclid. Na kama kuna kilima au nyumba za watu na huwezi kwenda bara mbali hivyo, ukitoka kijitini tembea hatua 4 badala ya 40. Pembetatu ya nchi kavu itakuwa na umbo lilelile la ile ya majini, ila ndogo mara 10, nawe utazidisha kwa 10 umbali wa D hadi E.

Huyo Euclid aliandika Elements, kazi yenye vitabu 13, huko Aleksandria takribani mwaka 300 kabla ya Kristo. Wakati wa Harun al-Rashid ikatafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Abraham Lincoln, mtu mzima na wakili, alikaa na vitabu sita vya kwanza mpaka akakaribia kuvimiliki. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini hata hiyo msiipokee kwa kuitikia tu.

Fungueni kauli ya kwanza kabisa, ya kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa. Una mstari AB. Weka ncha ya bikari kwenye A, chora duara lipite B. Weka ncha kwenye B, chora duara lipite A. Maduara yanapokatana, weka C na uunganishe. Pande zote ni sawa kwa sababu kila mmoja ni nusu kipenyo cha maduara yenye ukubwa mmoja. Safi kabisa. Lakini uliza: nani amesema maduara hayo lazima yakatane? Unaona kwa macho kwamba yanakatana. Euclid naye aliona, akapita, na katika misingi yake hakuna hata mmoja unaolihakikisha hilo. Ilichukua zaidi ya miaka 2,000 mpaka wanahisabati wa karne ya 19 walipoziba nyufa za aina hiyo, na David Hilbert wa Ujerumani akatoa mwaka 1899 orodha ya misingi iliyokamilika zaidi. Msingi wa tano wa Euclid, unaohusu mistari sambamba, ulikwisha kuhojiwa mapema na Omar Khayyam na Nasir al-Din al-Tusi, na katika karne hiyohiyo ya 19 Lobachevsky wa Urusi na Bolyai wa Hungaria wakaonyesha kwamba inawezekana kujenga jiometri nyingine bila huo.

Nawaambia haya kwa sababu tumewalea kunyamaza mkubwa anaposema, na katika mambo mengi mmefanya vyema. Hapa nawapa ruhusa, tena nawaagiza: dai sababu. Ukiuliza kwa adabu hujamvunjia mtu heshima. Mtoto wa kidato cha pili wa Ikola akiwa na sababu, na profesa hana, aliye sahihi ni mtoto. Sijui somo jingine linalompa mtoto wa mbali na mji haki kubwa kiasi hicho.

Basi mkitazama video, isimamisheni kabla mwalimu hajataja sababu, muandike ya kwenu. Ikiisha, ifunike simu na uandike uthibitisho wote kwenye ukurasa mtupu. Ukikwama, rudi kwenye hatua uliyokwama tu. Kesho yake badilisha herufi na uigeuze pembetatu kichwa chini. Kama ulikariri, utajikuta huna la kuandika. Kisha mweleze mdogo wako. Dakika 10 za video zinatosha kazi ya siku mbili, na bando litadumu.

Video za njia za mkato ziacheni mpaka wiki ya mtihani. Hisabati ndilo somo ambalo watahiniwa wengi wa kidato cha nne nchini wamekuwa wakipata F mwaka hadi mwaka, na kukariri zaidi hakutaliponya. Lugha ya kidato cha kwanza nayo isiwatishe: ijenge hoja kichwani kwa Kiswahili, ishike, kisha iandike kwa Kiingereza cha mtihani. Nanyi wavulana, simu isiwafikie dada zenu usiku wakati wameshachoka na kazi za nyumbani. Wapeni zamu ya mapema, na vyombo osheni ninyi.

Likizo hii anzeni na kauli ya kwanza, mwende kwa mpangilio bila kuruka mpaka ya 47, ile ya Pythagoras, kisha ya 48 ambayo ndiyo siri ya kamba ya fundi. Atakayekwama aje kwangu na daftari lake, anionyeshe mstari alioishia.