Njia Ikifungwa, Mungu Yuko Wapi?

Liko swali ambalo watu wetu hutuuliza mara nyingi, wala si swali la mzaha: Ikiwa Mungu aziongoza njia za watu wake, mbona msiba huja kwa ghafula, na kazi iliyoanzwa kwa maombi huvunjika? Yatupasa kulifikiri neno hili.

Mwalimu mmoja wa kijijini alifiwa na mkewe, akaachiwa mtoto mchanga. Tulipokwenda kumpa pole tulimwambia upesi, “Ni mapenzi ya Mungu.” Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mchungaji, majirani waniambia niende kwa mganga nikamjue aliyemroga mke wangu. Ninyi mwaniambia ni Mungu. Wote mmenipa wa kumlaumu, lakini hapana aliyeniambia nifanye nini usiku huu, mtoto akilia.” Neno lile lilituchoma moyo. Tuliona ya kuwa tulitaka kuueleza msiba kabla ya kuuchukua pamoja naye.

Tangu siku ile twafundisha hivi: kuutumaini uongozi wa Mungu si kuijua sababu ya kila jambo. Tazameni habari za Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Alitaka kuhubiri Asia, akakatazwa na Roho. Akajaribu kwenda Bithinia, asipewe ruhusa. Akashuka mpaka Troa, asijue bado aendako. Huko aliona katika maono mtu wa Makedonia akimwita. Lakini alipofika Filipi alikuta kwanza wanawake waliokusanyika kando ya mto, na baadaye mapigo na gereza. Milango miwili ilifungwa, na ule uliofunguliwa ulimfikisha kifungoni! Hata hivyo kila siku alifanya kazi iliyokuwa mbele yake. Na mlinzi wa gereza lile na watu wa nyumbani mwake walibatizwa.

Nasi tunao ushuhuda wa nyumbani. Wamisionari wa Leipzig waliianza kazi yao Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1920, Wajerumani wale waliondolewa katika nchi, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee. Wengine walirudi baadaye; lakini vita ilipoanza tena mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walitiwa kizuizini. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri katika Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mwana wa Kilimanjaro.

Je, twasema kwamba vita ilikuwa njema? Hasha! Ubaya ni ubaya. Ndugu zake Yusufu walitenda dhambi walipomwuza, ijapokuwa Mungu aliligeuza jambo lile liwe wokovu wa wengi. Wala wazee wale wa 1920 hawakuuona mwaka 1963. Waliiona Jumapili iliyo mbele yao tu: nani atalisoma Neno, nani atawafundisha watoto, nani atawazika wafu. Wakayafanya hayo. Mtu ashikaye taa usiku haoni mwisho wa njia. Huona mahali pa kuweka mguu, naye akiisha kuuweka, taa humwonyesha mahali pengine.

Basi, tulirudi kwa mwalimu yule, safari hii bila maneno mengi. Akina mama wa usharika walipeana zamu za kumlea mtoto na kumletea maziwa. Wazee walishika mafundisho yake kwa majuma kadhaa. Kwa mganga hakwenda. Hata leo hatujui kwa nini mama yule alikufa, naye mwalimu hajui. Lakini afundisha tena, na mtoto amekwisha kuanza shule.

Ninyi walimu, mkiitwa penye nyumba ya msiba, msitangulize jibu. Tangulizeni maji na kuni. Ketini, lieni pamoja na waliao, kisha ombeni. Huenda uongozi wa Mungu ambao mfiwa anauomba ndio huo unaobisha mlangoni kwake kwa mikono yenu. Bwana na atupe imani ya kuifanya kazi ya leo, na ya kesho tumwachie yeye.