Njia Ikifungwa



Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 16, na tuifuate kwenye ramani safari ya Mtume Paulo.

Paulo na Sila walitoka Antiokia ya Shamu wakiwa na shauri moja: kwenda kuwatazama ndugu katika makanisa yaliyokwisha kupandwa. Walipofika Listra wakamchukua kijana Timotheo. Kisha walitaka kuhubiri Asia, yaani jimbo la Kirumi lenye mji wa Efeso, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Roho Mtakatifu akawakataza. Wakajaribu kwenda kaskazini, Bithinia. Huko nako wakazuiwa. Basi wakateremka mpaka Troa, pwani. Msafiri wa kawaida siku zile alikwenda kwa miguu, na mwendo huo ni zaidi ya kilometa 1,000. Sasa mbele yao ilikuwa bahari.

Hapo wengi wetu tungenung'unika, au tungerudi kulazimisha njia ile ile tuliyoipanga. Usiku Paulo akaona maono: mtu wa Makedonia akiomba msaada. Wenzake wakalipima jambo hilo pamoja naye, wakakata shauri, wakapanda chombo wakavuka.

Lakini tuangalie sana. Si kila kizuizi ni katazo la Mungu. Huko Filipi walipigwa bakora wakatiwa gerezani, wala hawakusema, "Kazi imekwisha." Njia waliibadili mara mbili na tatu; Injili waliyotumwa kuipeleka hawakuibadili hata kidogo.

Tena, Filipi walimkuta nani? Walikuta wanawake waliokusanyika kando ya mto kwa ajili ya sala. Mmoja wao, Lidia, mwuza nguo za zambarau, akaamini, akabatizwa yeye na nyumba yake. Kwao Lidia ni Thiatira. Tuutafute mji huo kwenye ramani: umo Asia, katika jimbo lile lile walilokatazwa! Na Efeso nako Paulo alifika baadaye, akafundisha miaka miwili na zaidi. Mlango ule haukufungwa milele. Saa yake ilikuwa bado.

Sisi nasi tuna ramani zetu. Yuko aliyetazamia kupumzika uzeeni, naye leo analea wajukuu yatima. Yuko mzazi ambaye mwanawe amechagua kazi nyingine kabisa. Liko kanisa lililoweka akiba ya mabati, fedha ikaenda kuwalisha wenye njaa. Penye nia pana njia, twasema. Lakini huenda isiwe njia tuliyoichora sisi.

Basi mpango ukivunjika, tusiishie kuuliza nani ameuvunja. Tusali, tushauriane na wenzetu, tuondoke tena. Huenda yuko mtu kando ya mto, anatungoja.

Ee Bwana, utuongoze miguu yetu, hata pale tusipokusudia kwenda. Amina.