Motakaa Kuukuu na Thamani ya Vitu Duni

Katika Uingereza wako watu watumiao jioni zao, mwaka baada ya mwaka, kuzitengeneza upya motakaa kuukuu zisizo na fahari. Mojawapo ni Morris Minor, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa mwaka 1948. Zilitengenezwa zaidi ya 1,600,000. Ilikuwa motakaa ya mwuguzi, ya mwalimu, ya mwenye mshahara mdogo.

Mtu aweza kuuliza: Je, kazi hii si upuuzi? Maana gharama mara nyingi hupita bei ya motakaa yenyewe. Ile iitwayo Traveller ina mbao nyuma. Nazo si pambo tu, ndizo ziushikazo mwili wake. Zikioza, sharti zitolewe, zichongwe nyingine.

Lakini na tufikiri. Chombo cha fahari kina walinzi wengi, kwa sababu ya bei yake. Chombo cha maskini hakina mtetezi ila yule akipendaye. Tena kimeundwa kwa njia nyepesi, hata asiye fundi aweza kukifungua, akajua kila kipande kina kazi gani. Hivyo ajifunza subira, na kuwaheshimu waliokiunda.

Hatari ipo. Mtu akishinda bandani hata watoto wake wasimwone, chombo kimekuwa bwana, na yeye mtumwa.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Basi, ndugu, na tuvitazame vyombo vilivyotupwa nyuma ya nyumba zetu. Je, tulivitupa kwa kuwa vimekwisha kazi, au kwa kuwa vilikuwa vya bei ndogo?