Akija Usiku Kuuliza



Katika mitaa yetu ya Kariakoo siri haina pa kulala. Nyumba zimebanana, dirisha la mmoja latazama ua wa mwenziwe, na mtu akipiga chafya Mtaa wa Swahili, aliye Mtaa wa Mchikichi humwombea afya. Kwa hiyo twaifahamu hofu iliyoingia majumbani mwishoni mwa Oktoba 2018, pale aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Bwana Paul Makonda, alipotangaza kamati ya kuwasaka watu wapendao wa jinsia yao, akawataka wananchi wapeleke majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba hayo yalikuwa mawazo yake mwenyewe, si msimamo wa Serikali. Hata hivyo swali lilikwisha kuingia ndani, wala halijatoka: Mkristo akiijua siri ya kijana, yampasa kuitaja?

Hatuandiki ili kubadili fundisho la Kanisa juu ya ndoa. Mkutano wa Maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1998 ulisema kwamba matendo hayo hayapatani na Maandiko, na sehemu hiyo wengi wetu twaikumbuka vizuri. Tunayoisahau ni sehemu nyingine ya azimio lilelile, ambamo maaskofu walijifunga kuwasikiliza watu hao, wakawahakikishia kwamba Mungu anawapenda. Maaskofu Wakuu nao, walipokutana Ireland ya Kaskazini Februari 2005, walisema kwamba kuwaonea na kuwadhalilisha watu wa namna hiyo ni chukizo kwao. Miaka miwili baadaye walikutana hapa hapa Dar es Salaam, wakabishana sana juu ya jambo hilo, lakini neno lile hawakulifuta.

Sasa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Chuoni tulikofunzwa ualimu tuliambiwa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Miaka mingi iliyopita, tukifundisha katika shule moja ya bweni, mwanafunzi wa kidato cha tatu alitujia jioni, darasa likiwa tupu. Alisema kwa taabu kwamba moyo wake hauwaelekei wasichana kama wa wenzake, akauliza kama Mungu amekwisha kumkataa. Hakuwa ametenda lolote. Tuliogopa, na usiku uleule tukalipeleka neno lake kwa wakubwa wa shule. Siku ya tatu aliitwa mbele mstarini, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa barabarani na sanduku lake la bati. Alipotupita hakutulaumu. Alisema, “Shikamoo, mwalimu.” Tuliitikia. Hatujamwona tena.

Tulijiambia kwamba tumeilinda shule. Lakini somo walilolipata wanafunzi waliosimama mstarini lilikuwa moja tu: usimwulize mwalimu. Tangu siku ile hakuna aliyetujia tena na swali la moyo wake, liwe hilo au jingine.

Kijana wa leo huiuliza simu. Huko amekuta mema na uchafu pamoja, na wazazi wanaoogopa uchafu huo wana haki ya kuogopa. Serikali nayo imejaribu kufunga milango. Februari 2017 Wizara ya Afya ilivizuia vituo 40 visitoe huduma za UKIMWI, kwa madai kwamba vilikuwa vikieneza mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipia leseni. Februari 2023 Wizara ya Elimu iliviondoa vitabu 16 shuleni kwa sababu ya maadili. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na Waziri akaeleza kwamba ni kwa ajili ya maudhui ya ngono.

Hatukatai kwamba picha chafu zizuiwe zisiwafikie watoto. Lakini mlango uliofungwa kwa ajili ya mwizi humfungia pia mgonjwa anayebisha hodi. Yule anayetafuta picha chafu atazipata uchochoroni. Yule aliyekuwa na swali, au aliyetaka dawa, ndiye abakiye nje. Kama nyumbani atapigwa, shuleni atafukuzwa, kanisani atachekwa, na mtandaoni amefungiwa, tunataka aende wapi?

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza: “Mkinyamaza, hamshiriki dhambi?” Swali lake ni la haki, nasi twalijibu hivi. Mtu mzima anayemharibu mtoto hana siri ya kutunziwa. Huyo apelekwe polisi siku hiyo hiyo, hata akiwa ndugu yetu au mzee wa kanisa. Lakini kijana anayeeleza yaliyo moyoni mwake hajamdhuru mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa ukali mwaka 1998, chataja kifungo cha maisha, wala kisichopungua miaka 30. Basi anayelipeleka jina kwa sababu ya uvumi wa dirishani na ajue ni kitu gani anachokichezea.

Mfano tunao katika Injili ya Yohana, sura ya 3. Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku, naye alikuwa mtu mkubwa, huenda aliogopa kuonekana. Bwana hakumwuliza kwa nini amekuja gizani, wala hakuwaita majirani waje kumtazama. Alikaa naye, akamwambia maneno mazito, tena bila kumbembeleza. Nikodemo huyohuyo twamwona tena katika sura ya 19, akileta manukato ya kumzika Bwana wakati wanafunzi wengi walikuwa wamekimbia. Kama jina lake lingepelekwa barazani usiku ule, manukato yale yangeletwa na nani?

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akisema neno la namna hii, asilale nje usiku huo. Walimu, sikilizeni hadi mwisho kabla ya kusimama. Wahubiri, msimfanye mtu kichekesho mimbarani, kwa maana hamjui ni nani ameketi benchi la nyuma. Kumsikiliza mtu si kusema kwamba kila alitendalo ni jema. Ni kumwachia nafasi ya kurudi kesho.

Sisi tumezeeka, na yule kijana, kama yu hai, naye sasa ni mzee. Kila tunapopita Msimbazi huzitazama nyuso za watu. Tukikutana naye, safari hii sisi ndio tutakaoanza kumsalimu, na tutamwomba radhi. Mungu atujalie kumwona.